Bi Mkubwa Hahami Leo: Kwaheri kwa Fundi Bado

Wewe uliyekaa mbele na simu umeshaiinua upige picha, ishushe. Samaki hahamishwi leo. Na wewe uliyenong'ona juzi kwenye foleni ya chai kwamba "mzee ametuharibia sherehe," nilikuwa nyuma yako na ndoo yangu, nikasikia, na sauti yako naijua. Sherehe haijaharibika. Kilichoharibika ni adabu yako. Mtu amekataa kuua kiumbe siku yake ya kuagwa, wewe unamnunia kwa sababu ulishachagua shati la kupigia picha. Kaa vizuri usome.

Fundi wetu wa matangi anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, baada ya kuitumikia nyumba hii ya samaki kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake liko kwenye barua ya ajira na huko ndiko litakakobaki, maana humu ndani hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Bado. Wageni wa kila mwaka wanamwita Bado. Hata mkewe, fundi cherehani, akipiga simu mapokezi husema, "Niitieni Bado wangu, mwambieni chakula kiko tayari, na hilo asinibishie."

Ukurasa huu haukuwa wangu. Ulikuwa umetengwa kwa maelezo ya tukio kubwa la leo, la kumhamishia samaki wetu Bi Mkubwa kwenye tangi jipya. Tukio likafutwa Jumatano, karatasi ikabaki nyeupe, mkurugenzi akanijia ukumbini akiwa ameshika kichwa. "Bibi, wewe ndiye uliyekaa naye humu muda mrefu kuliko sote. Tujazie." Mimi napiga deki. Shule niliiacha mapema na sikuililia. Lakini nimewazika wakurugenzi wawili na kuwaaga watatu, na kusema ukweli hakuhitaji cheti. Mhasibu ndiye aliyepiga chapa maneno haya. Nimemwambia akipunguza hata neno, hasa pale anapotajwa yeye, tutaonana.

Bado alifika hapa kijana mwembamba mwenye sharubu nyembamba kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa na cheti cha chuo cha uvuvi ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ile alikuwa anaifungua hata ukimwuliza choo kiko wapi. Msije mkamfanya leo mtu mnyenyekevu kwa sababu anaondoka. Bado ana majivuno. Ukimwuliza saa anaanza na historia ya chumvi. Kwenye meza ya kantini watu walikuwa wanakula haraka ili wamalize kabla hajafika kwenye mapezi. Tunampenda hivyo hivyo, lakini kupenda mtu si kumsahau.

Mwaka wake wa kwanza alipewa tangi lake la kwanza, lile la ukutani karibu na ngazi. Akalijaza maji, akatia chumvi, akapanga mawe, akawasha pampu. Maji yakawa meupe mpaka ukisimama mbele unajiona meno. Akaita watu. Akasema maji safi kama haya hata mtoto mchanga angeogeshwa. Wiki hiyo hiyo akatia samaki wa kila rangi, wa njano, wa michirizi, wa madoa, tangi likawa kama dirisha la duka la vitenge. Haraka ile ilikuwa yake mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Siku chache baadaye samaki wote walikuwa juu wanahema, midomo nje, kisha wakaanza kugeuka matumbo. Alisimama kutwa na wavu mdogo akiwaopoa mmoja mmoja, na wageni wanapita, na watoto wanauliza, "Mama, hawa wamelala?" Mkurugenzi wa wakati huo alimwuliza imekuwaje. Akajibu, "Maji yalikuwa safi." Ndiyo siku ya mwisho kumsikia akiyasifia maji kwa kuyatazama.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Cheti akakiweka kabatini, akaanza kupima. Na neno likaingia mdomoni mwake likagoma kutoka. Mkurugenzi akipita: "Fundi, tangi lile tayari?" Bado. Wapiga picha wakija: "Tutie samaki tupate picha?" Bado. Mlinzi akimwuliza kama mvua imekatika, anajibu bado bila kutazama nje. Jina likamganda, na wala hakulikataa. Nadhani alilipenda.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana nimeona humu watu wenye shahada wanadhani kazi ya mtu huyu ni kutupa chakula cha samaki na kuzungumza na konokono. Nitaeleza nilivyoelewa mimi, kwa kupiga deki pembeni yake huku anajisemea, na anajisemea sana.

Tangi jipya la maji ya chumvi ni kama nyumba mpya isiyo na choo. Inang'aa, inanukia rangi, lakini hebu ingiza familia uone. Samaki anakula, anajisaidia, mabaki yanaoza, na ule uozo ni sumu. Kwenye bahari kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo kazi yao ni kula sumu hiyo. Kwenye tangi jipya havipo. Inabidi vije, vikae kwenye mawe na mchanga, vizaane. Vya kwanza vinakula sumu ya kwanza, vinaigeuza sumu ya pili. Vya pili vinakula hiyo ya pili, vinaigeuza kitu cha tatu ambacho ukibadilisha maji kidogo kidogo hakina neno. Na vijidudu hivyo haviji kwenye maji matupu, kama ambavyo wewe hufiki kwenye sherehe isiyo na chakula. Lazima uvilishe kwanza. Uozeshe kitu kwa makusudi, ungoje, upime, ungoje tena. Unadondosha vitone vya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi, unatazama rangi. Sumu ya kwanza ikiwepo, kichupa kinakuwa kijani, ikiisha kinakuwa njano. Ya pili ikiwepo ni zambarau, ikiisha ni buluu ya anga. Njano na buluu kwa pamoja, tena baada ya kuvilisha vijidudu na kuona vimemaliza sahani, ndipo unaanza kufikiria samaki. Kufikiria tu. Kisha unatia konokono, kisha samaki mmoja mgumu, unangoja tena. Ndiyo kazi hiyo. Miaka yote hii mtu analipwa kungoja, na kati yetu sisi wote ndiye pekee aliyejua kungoja vizuri.

Hapa ndipo anapoingia mhasibu wetu, na asikunje uso, apige chapa.

Bado zamani alikuwa anaanzisha tangi kwa kamba mbichi. Anamnunua sokoni ameshakufa, anamtumbukiza kwenye tangi jipya, anamwacha aoze taratibu. Sasa tangi mojawapo liliwekwa kwenye ukumbi mdogo nje ya ofisi ya mhasibu, na mhasibu wetu ni mtu anayefuta kiti kabla ya kukaa, na akimaliza kukaa anakifuta tena. Harufu ikamfikia. Akatoka, akachungulia, akamwona kamba yule amelala juu ya jiwe, ameshageuka rangi. Akamwonea huruma fundi. Akakunja mkono wa shati, akamtoa kamba kwa vidole viwili, akamtupa. Laiti angeishia hapo. Lakini mtu msafi hafanyi usafi nusu. Alichukua sabuni yake ya maji, ile yenye harufu ya maua, akaosha mkono humo humo ndani ya tangi, na ile sabuni iliyobaki kwenye kitambaa akasugulia mawe.

Halafu akamfuata Bado kantini, uso unang'aa kwa wema. "Fundi, nimekusaidia. Kuna mnyama alikufia kwenye tangi lako, nadhani hukumwona."

Bado aliweka kijiko chini. "Yule kamba?"

"Ndiyo. Alishaoza kabisa, maskini."

"Nilimnunua akiwa amekufa."

Mhasibu akamtazama. "Walikuuzia mfu na wewe hukumrudisha?"

Bado aliinuka, akaenda kulitazama tangi, akakuta povu la waridi linazunguka kwa pampu, akakaa juu ya ndoo yangu iliyokuwa imegeuzwa. Hakugomba. Ndilo jambo moja la ajabu la mtu huyu, huongea kutwa ila akiumia hunyamaza. Tangi lilimwagwa lote, mawe yakatupwa, kazi ikaanza upya tangu chumvi. Lakini kuanzia siku hiyo mhasibu akawa ndiye mlinzi mkali wa matangi mapya kuliko mbwa. Ukisogeza mkono tu anakohoa ofisini. Na Bado akaacha kamba, akahamia dawa ya kichupa yenye sumu ileile bila harufu, kwa heshima ya pua ya mwenzake. Watu walioishi pamoja hurekebishana hivyo.

Na mimi tuligombana naye, tena si mara moja. Tangi likishaanza kukubali, huota vumbi la kahawia. Kwenye kioo, kwenye mchanga, kwenye mawe, kila mahali, kama mtu amemwaga unga wa kahawa. Wageni wanaona uchafu, wananitazama mimi kwa sababu ndiye niliyeshika kitambaa. Nikienda kufuta, Bado anasimama mbele ya kioo mikono ameitanua kama golikipa. "Dada mkubwa, usiguse. Hiyo ni dalili njema, itakuja na itaondoka yenyewe." Nikamwambia dalili njema gani inayofanana na choo cha stendi. Akanishikilia pale na hotuba mpaka maji ya ndoo yakapoa. Lakini kweli, vumbi lile likaja, likakaa, likapauka, likaondoka lenyewe, na konokono wakala lililobaki. Siku hizi nikiona kahawia namwambia mgeni, "Hilo linapika, usilipigie kelele."

Msidhani tabia hii aliiacha getini akienda nyumbani. Mkewe amenipa ruhusa ya kusema. Binti yao mkubwa alipochumbiwa, wazee wa pande zote wakakaa sebuleni, maneno mazuri yakasemwa, soda zikafunguliwa, ikabaki baba mtu kutamka neno moja. Bado akamtazama yule kijana, shati limenyooka, tabasamu limenyooka, kila kitu cheupe. Akasema, "Bado." Mkewe akamvuta kona. "Mume wangu, huyo ni mkwe, si tangi." Akajibu kwamba anaona kumetulia mno, hajawahi kumwona kijana yule amekasirika, wala ana njaa, wala amecheleweshwa, na yeye haingizi kiumbe wake mahali ambapo uchafu haujatokea ukaisha. Akamwita mkwe huyo kusaidia kubeba mawe ya matangi hapa kazini, kila mwisho wa juma, jua la mchana. Siku kijana alipodondosha jiwe kwenye kidole chake cha mguu, akatukana tusi refu lenye vituo, kisha akaokota jiwe, akaomba radhi, akaendelea kubeba, Bado akampigia mkewe simu pale pale. "Kahawia imetokea na imeondoka. Waambie waje." Leo mkwe yuko hapa ukumbini, na wanawe wawili, na kidole kile bado hakijanyooka. Wajukuu hao babu yao aliwahi kuwapimia maji ya kuogea kwa vitone vyake vya kazini. Bibi yao akamnyang'anya kichupa.

Kwenye kazi hii amepanda kutoka kukoroga chumvi mpaka kuwa mkuu wa matangi yote. Ukumbi wa matangi madogo aliupanga yeye, jiwe kwa jiwe. Farasi wa baharini walizaa humu ndani mikononi mwake, na kwa kuwa kwa viumbe wale dume ndiye anayebeba mimba, alizunguka ofisi zote akiwaita wanaume waje watazame, na wanaume wote wakakumbuka kazi za haraka. Amemfundisha kazi msaidizi wake, mama wa pampu, ambaye kuanzia kesho ndiye mwenye dhamana, na mama wa pampu ana sikio la kusikia mashine ikikohoa akiwa upande wa pili wa jengo. Hilo alilifanya bila choyo, na mimi nimeona mafundi wengi wanaondoka na ujuzi wao kama wanaondoka na blanketi.

Lakini tukisema yote tusimtaje Bi Mkubwa, tutakuwa tumempigia makofi mtu mwingine.

Bi Mkubwa ni yule chewa mnayemjua wote, mwenye midomo ya kununa na madoa kama shuka la zamani. Aliletwa mdogo wa kutosha kukaa kwenye karai, Bado akamlea. Sasa ukitaka kumkumbatia utahitaji mtu wa pili. Bado amewahi kutuambia kwamba chewa huanza maisha jike na wengi wakizeeka hugeuka dume, kwa hiyo Bi Mkubwa yaelekea ni Bwana Mkubwa siku nyingi. Nilimwambia na leo narudia kwa maandishi, humu ndani haitwi Bwana. Nimeshamzoea. Na yeye chewa hajalalamika.

Bado akiingia asubuhi, Bi Mkubwa huja kwenye kioo, anasimama. Akiingia mtu mwingine hageuki hata jicho. Mimi nimefuta kioo chake miaka yote hii, ananitazama kama mtu anayenidai. Bado akiwa likizo samaki huyu hupunguza kula, na Bado mwenyewe, mkewe anasema, likizoni anakaa kibarazani anasikiliza friji kana kwamba ni pampu.

Tangi lake la zamani lilipata ufa. Likaanza kutoa jasho, kisha kutoa machozi, ikabidi ahamishwe chumba cha nyuma, kwenye lile beseni kubwa la plastiki la bluu. Hapo akigeuka mkia unagusa upande huu na pua upande ule. Amechubuka kidogo kidevuni. Kila siku Bado na mama wa pampu wanamtolea maji na kumwekea mengine kwa ndoo, wanainama mpaka migongo inalia. Tangi jipya likajengwa pale mlangoni, refu kama basi, likajazwa, likaanza kuvilisha vijidudu vyake. Na hesabu ya watu wote ilikuwa moja. Bado anastaafu Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo kwa mikono yake atamwingiza Bi Mkubwa kwenye nyumba mpya. Halafu ataondoka moyo umetulia. Alilitaka jambo hilo kuliko saa ya ukutani mnayompa leo, na nawaambia mapema, saa anazo tatu.

Jumatano ilikuwa siku ya kuamua, maana karatasi hizi zilikuwa zinakwenda kuchapwa. Tulisimama chumba cha nyuma kuzunguka beseni. Mkurugenzi, mhasibu na rasimu yake mkononi, mama wa pampu, mimi na fagio langu la maji. Jana yake Bado alikuwa ameligawia tangi chakula kingi cha vijidudu, sumu kiasi ambacho mwili wa Bi Mkubwa ungetoa, ili aone kama vitamaliza. Akadondosha vitone kichupa cha kwanza. Njano, njano safi kabisa. Mhasibu akapiga makofi peke yake. Akadondosha cha pili, akakitikisa, akakishika mbele ya karatasi nyeupe, tukangoja.

"Buluu," akasema mkurugenzi.

"Na mimi naona buluu," akasema mhasibu.

Mama wa pampu akakiinamia kichupa. Nikasogea. Macho yangu yana ukungu lakini zambarau naijua, ni rangi ya goti langu likigonga pembe ya benchi. Ilikuwemo. Kidogo, kwa chini, kama maji yaliyooshewa kikombe cha chai.

Mkurugenzi si mtu mbaya, na sitaki mmwelewe vibaya. Alisema jambo la maana. "Fundi, nakuheshimu. Lakini tazama kidevu chake. Humu naye anaumia. Hiyo rangi ni kivuli tu. Na Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho, nani mwingine atamshika vile anavyokuzoea wewe?"

Mama wa pampu akasema polepole, "Ukisema ndiyo, kaka, hapa hakuna wa kukubishia. Sisi wote tutaona buluu."

Bado alichukua kichupa akaenda nacho dirishani. Alikaa pale muda mrefu, ametugeuzia mgongo. Nilimwona anakigeuza kichupa upande huu, upande ule, anakisogeza kwenye mwanga, anakirudisha kivulini, anatafuta mahali ambapo kile kidogo cha zambarau kingemwonea huruma kiondoke. Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye beseni, pua imegusa plastiki, anamtazama. Najua Bado aliwaza nini, kwa sababu mtu yeyote angewaza. Akisema ndiyo, leo mngempigia makofi, picha ingepigwa, na samaki kama angezidiwa angezidiwa wiki ijayo, yeye yuko kibarazani kwake, na lawama zingemfuata mwingine.

Akarudi. Akamimina kile kichupa kwenye sinki, akakiosha mara mbili, akakifuta na shati.

"Kwa konokono, ndiyo," akasema. "Kwake yeye, bado."

Hakuna aliyecheka jina siku ile. Mkurugenzi akamwambia mhasibu, "Futa." Mhasibu akapiga mstari kwenye rasimu, akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaivua tena. Bado akaokota ndoo, akaanza kumbadilishia Bi Mkubwa maji.

Hilo ndilo tukio kubwa la leo, kwa sisi tuliokuwepo. Mnaotaka picha, pigeni picha ya mtu huyo hapo mbele mwenye sharubu nyeupe. Ila muombeni kwanza, atataka kuzichana.

Mdogo wangu, tunakushukuru. Kwa samaki waliokufa mwaka wako wa kwanza umewalipa wote. Kwa hotuba zako nimekusamehe nyingi, si zote. Mwonee mkeo huruma, chakula akisema kiko tayari, kula. Mkwe akikuamkia mwitikie bila kumpima. Miguu yako ipumzike, mgongo unyooke, na kila asubuhi iamke nawe vizuri huko nyumbani, miaka mingi, uzeeke pole pole mpaka wajukuu wakuchoke.

Sasa nageukia wengine, na hili si ombi.

Mkurugenzi, baada ya hotuba yako Bado atakuja mbele, kama taratibu zinavyosema, kukurudishia ufunguo wa chumba cha nyuma. Nimemwona jana anausugua kwa kitambaa. Wewe mwanangu weka mikono yako mifukoni, usiupokee. Karatasi yangu mimi ya kustaafu ilitoka zamani, Jumatatu yake nikaja na ndoo, na jengo halikuanguka. Mwache aondoke na ufunguo wake. Taratibu zikikasirika, zije zinione mimi.

Mama wa pampu, utapima kila asubuhi, na kichupa utanionyesha na mimi. Maji ya beseni kuanzia kesho tunabadilisha kwa zamu, wote, pamoja na nyie wa ofisini, na atakayekuja na viatu vya ngozi shauri yake. Siku zambarau ikiisha, msimguse samaki. Dereva wa gari la ofisi atakwenda nyumbani kwa fundi cherehani, apige honi, amlete Bado hapa hata akiwa na nguo za kulalia. Apime mwenyewe, aseme mwenyewe, amshike mwenyewe.

Na gari hilo siku zote likihitajika halina mafuta. Mhasibu, lijaze leo kabla hujala keki.